Tabaka Nililoliita SIRI

Siku mliyoniaga nikistaafu, baada ya soda na hotuba, mmoja wenu alinivuta kando akaniuliza: "Mama, tukimtumia mtu wa nje modeli ya kompyuta, tunajuaje kwamba hatujamtumia na akili iliyoichora?" Nilimwahidi ukurasa mmoja wa maagizo. Nimejaribu mara nne. Kila nikianza na maagizo, najikuta ninaandika maungamo. Basi nimeamua kuandika maungamo, na maagizo yako humo ndani mkiyatafuta.

Niliingia karakana yetu hapa Kisumu mwanzoni mwa miaka ya themanini, si kama mchoraji bali kama karani wa kupiga chapa. Chumba changu kilitazama njia iendayo soko la Kibuye. Siku yangu ya kwanza nilipewa barua moja fupi ya kuagiza vyuma. Niliipiga mara saba, kwa sababu ya mkato mmoja uliokaa vibaya. Ilipofika saa ya chai, kikapu cha takataka kilikuwa kimejaa na barua haijatoka. Mzee Ogutu, aliyekuwa mkuu wa michoro, alipita akasimama mlangoni.

"Nyara," akasema, akiniita binti yake kwa Kijaluo kama alivyowaita wasichana wote, "hii karatasi yote imekukosea nini?"

Nikaingiza karatasi ya nane. Mimi ni mtu wa kuogopa kosa kabla halijatokea, nikiwa nalo, na likishapita. Kwenye barua huo ni ugonjwa. Kwenye michoro, nilikuja kugundua, ni ugonjwa unaokubalika.

Kuchora sikufundishwa na chuo. Mzee Ogutu alikuwa na boksi la kutupia karatasi za kuchorea zilizoharibika, zile nyepesi zinazopitisha mwanga. Nilianza kuzibeba nyumbani Kaloleni. Jumamosi asubuhi niliibandika moja kwenye kioo cha dirisha, nikaweka safi juu yake, nikafuatisha mistari kwa kalamu. Mama yangu alilalamika kwamba nimemzibia jua na bado anachagua mchele. Baada ya miezi mingi nilipata ujasiri wa kumpelekea Mzee kazi moja.

Aliishika mbele ya taa. "Nani amekuchorea?"

"Ni mimi."

"Hii mstari imetetemeka."

"Nilikuwa naogopa, Mzee."

"Unaogopa karatasi?"

"Naogopa kukosea."

Akavuta stuli kwa mguu. "Kaa hapa. Ile mashine yako ya kupiga chapa itangoja."

Vifaa vyake vilikuwa vichache: rula ndefu, kalamu tatu za wino, na wembe. Wembe ulikuwa wa kukwangua wino uliokosewa, na aliuhifadhi kwenye kibati cha dawa ya kifua. Lakini jambo kubwa alilonifundisha halikuwa kifaa. Kila kazi ya karakana yetu ilikuwa na michoro miwili. Mmoja aliuita wa ndani. Huo ulikuwa na kila kitu: mistari ya kutafutia, hesabu pembeni, maneno ya kueleza kwa nini tundu liko hapa na si pale. Wa pili ulikuwa wa nje. Aliweka karatasi safi juu ya ule wa ndani na kufuatisha yale tu ambayo mpokeaji atayatumia.

"Mtu wa kukata anahitaji kujua akate wapi," alisema. "Kwa nini akate hapo, hiyo ni ya kwetu."

Mchoro wa nje ukienda Nairobi, wa ndani ulibaki kabatini, na ufunguo wa kabati ulibaki shingoni mwake. Hakukuwa na fumbo. Kwenye karatasi, usichokiona hakipo. Shikeni hilo, maana ndipo nilipoangukia.

Kazi iliyotupa jina pande za ziwani ilikuwa kikaushio cha omena, wale dagaa wetu. Mnajua omena huanikwa juani, na mnajua jua la msimu wa mvua lilivyo. Mzee Ogutu alikuwa na dada yake kule Usenge ufukweni, mchuuzi wa omena, na alimwona akitupa mzigo mzima ulioharibika kwa mvua ya siku tatu. Akaanza kujenga sanduku la chuma lenye trei, tanuri la kuchoma makapi ya mpunga upande mmoja, na feni ya kusukuma hewa ya moto. Shida haikuwa moto. Shida ilikuwa kuufikisha moto ule kila mahali sawasawa. Omena iliyo karibu na tanuri iliungua, na ya mbali ilioza.

Dawa yake ilikuwa bamba lenye matundu, lililokaa kati ya hewa na trei. Matundu hayakulingana. Yalibadilika ukubwa na nafasi kufuata kanuni aliyoitafuta kwa misimu minne ya mvua, akitoboa bamba, akilijaribu kwa dada yake, akilirudisha, akitoboa jingine. Kanuni hiyo sitaiandika hapa. Nimestaafu, sijarukwa na akili. Muhimu kuelewa ni hili: mtu akipata bamba letu la trei kumi, anaweza kunakili bamba la trei kumi, basi. Akitaka la trei sita au ishirini, matundu yote yanabadilika, na bila kanuni hajui yabadilike vipi. Sisi hatukuuza matundu. Tuliuza kule kujua, na karakana nzima ilikula kutoka hapo.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini tulipata kompyuta, iliyokwisha kutumika mahali pengine, pamoja na programu ya kuchorea na kitabu chake kilichopigwa fotokopi. Mzee aliitazama kama mtu anayetazama mkwe asiyemwelewa. "Hiyo ni yako," akaniambia. Nikajifundisha. Kitabu kilikuwa na kurasa zilizoruka, na mwenye kufotokopi alikuwa amekata maneno ya ukingoni, kwa hiyo nusu ya elimu yangu ilikuwa ya kubahatisha. Lakini nilipenda. Mstari wa kompyuta hautetemeki hata mchoraji akitetemeka.

Nilichopenda zaidi ni matabaka. Unaweza kuchora bamba kwenye tabaka moja, vipimo kwenye la pili, hesabu kwenye la tatu, kama karatasi zilizolaliana, na kila moja unaiwasha au kuizima. Nikasema, kumbe huu ndio mchoro wa ndani na wa nje wa Mzee, ndani ya faili moja! Nikaiweka kanuni yake yote kwenye tabaka la pekee. Niliandika sababu ya kila safu ya matundu. Niliongeza jedwali: weka idadi ya trei, soma ukubwa wa kila tundu. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Na tabaka hilo, kwa sababu mimi ni mtu wa kupanga vitu, nililipa jina kwa herufi kubwa: SIRI.

Okoth, mchomeleaji wetu, alikuwa akipita nyuma yangu na kofia yake ya kuchomelea juu ya kichwa kama bakuli. "Daktari wa matundu! Wagonjwa wako wanaendeleaje?"

"Wamepona wote."

"Basi wape ruhusa waende nyumbani, na wewe uende."

Ndipo tukapata oda ya vikaushio vingi kwa mpigo. Mkono haungetoboa mabamba yote hayo. Kulikuwa na kiwanda Nairobi chenye mashine ya kutoboa, nao walikuwa na kompyuta ya programu kama yetu. Wakaomba mchoro kwenye disketi. Nikazima tabaka la SIRI. Nikatazama kioo cha kompyuta: bamba na matundu, basi. Nikahifadhi kwenye disketi mbili, moja ya kwao na moja ya kwangu, nikaandika lebo kwa rula, na asubuhi nikaikabidhi ile yao ofisi ya vifurushi ya basi.

Watu wengine hukagua kabla ya kutuma. Mimi hukagua kabla, na baada, na baada ya hapo. Saa sita mchana nikachukua disketi yangu, pacha wa ile iliyokwenda, nikaifungua. Sijui ni kitu gani kilinifanya nibonyeze ile amri ya kuwasha matabaka yote. Kioo kikajaa. Kanuni ya Mzee, sababu zake, jedwali langu, kila kitu, kwa mwandiko ulionyooka.

Nilikuwa nimeizima taa nikadhani nimehamisha viti. Ukurasa wa kitabu ulioeleza tofauti ya kuzima na kufuta ulikuwa mmoja wa zile zilizoruka, lakini hicho si kisingizio. Ningeweza kukagua kwanza. Mimi!

Sasa ungamo lenyewe. Sikumwambia Mzee. Alikuwa mezani kwake, hatua tano, akichonga penseli. Nilisimama, nikafungua mdomo, nikamwomba ruhusa ya kwenda Nairobi.

"Kuna nini Nairobi?"

"Nimekosea tundu moja, Mzee. Nataka niwapelekee sahihi mwenyewe."

"Tundu moja."

"Ndiyo, Mzee."

Alinitazama kidogo, akarudi kwenye penseli yake. "Nenda."

Ningeweza kupiga simu. Lakini ningesema nini? Naomba msiwashe matabaka yote? Hiyo ni sawa na kumwonyesha mtu mlango kwa kidole. Nikachora bamba upya kwenye faili mpya, tundu moja moja, siku mbili, maana sikuiamini tena faili ya zamani hata kidogo. Siku ya tatu nikapanda basi la asubuhi, nikalala kwa binamu yangu, na asubuhi iliyofuata nikawa mlangoni pa kile kiwanda kabla hakijafunguliwa.

Mchoraji wao alikuwa mama mmoja aitwaye Wambui, amenizidi miaka kama kumi, miwani imefungwa kamba shingoni. Mchoro wangu ulikuwa kwenye kioo chake.

"Umetoka Kisumu kwa sababu ya tundu moja?" akauliza.

"Tundu moja likikosewa, hewa inapotea." Nikamnyoshea disketi mpya. "Naomba ile ya zamani, zisichanganyike."

Akavuta droo akanipa. Lebo yangu ilikuwa juu yake, imenyooka. Kisha akainuka, akafunga mlango, akaketi tena.

"Wewe ndiye uliyeandika SIRI?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Sikiliza, dada. Usiandike SIRI. Mtu akiona SIRI anafungua. Mimi mwenyewe nilifungua."

"Uliona nini?"

"Nilisoma mistari miwili, nikafunga. Kisha nikaifuta kwa kompyuta na kwa disketi, kabla bosi hajarudi kutoka Mombasa. Unaweza kuangalia."

Niliangalia, mbele yake, bila aibu. Orodha ya matabaka haikuwa na SIRI. Mistari miwili ya kwanza niliijua kwa moyo, maana niliiandika mwenyewe. Wa kwanza ulisema: Kanuni ya Mzee Ogutu. Wa pili: Misimu minne ya mvua, Usenge.

"Kwa nini ukaacha hapo?" nikauliza.

"Misimu minne ya mvua," akasema. "Si yangu hiyo."

Halafu akanifundisha, dakika kumi, jambo ambalo nimelifanya maisha yangu yote na ambalo ndilo mliloniuliza. Usichukue mchoro kamili ukaanza kuondoa vya kuficha. Utasahau kimoja. Chukua faili tupu, uhamishie humo kile tu anachohitaji mpokeaji, kimoja kimoja, ukijiuliza kwa kila kimoja: huyu atakifanyia nini? Kama hana la kukifanyia, kibaki. Kisha ukaifungue kwenye kompyuta nyingine, uwashe kila kitu, utazame kama mwizi. Modeli zenu za siku hizi zinabeba zaidi ya matabaka. Zinabeba orodha ya kila hatua mliyopita, majedwali ya vipimo vinavyovutana, kimoja kikibadilika na vingine vinafuata, na maoni mliyoandikiana mkiwa na njaa. Peleka umbo. Hatua na majedwali yabaki nyumbani. Ni wembe na karatasi ya juu ya Mzee Ogutu tu, kwa jina jingine.

Mtadhani nilirudi Kisumu nimetulia. Nilitulia hadi basi lilipofika Naivasha. Kisha nikaanza: kweli alisoma mistari miwili? Nani anasoma miwili akaacha? Mimi nisingeweza. Na kama alinakili kwanza, kisha akafuta? Na bosi wake?

Nilikaa na hilo miaka miwili na zaidi. Kila msimu wa mvua nilijitolea kwenda kukagua vikaushio ufukweni, na kila mtu alinisifu kwa bidii. Haikuwa bidii. Nilikuwa natafuta kikaushio kisicho chetu chenye matundu yetu. Usenge nilipiga magoti nikachungulia chini ya kila sanduku, na dada ya Mzee akiniuliza kama nimeangusha hereni. Okoth akaniongezea cheo, akaniita daktari mkuu wa mkoa. Nilicheka naye. Ndani nilikuwa nahesabu matundu. Na kila jioni Mzee alinipa kazi nyingine ya kutuma nje, bila kunikagua, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Kisha ikaja barua. Ilikuwa asubuhi, Mzee ameifungua kwa ule wembe wake. Akasoma kimya, akavua miwani, akaivaa tena.

"Nyara, kuja usomee hawa watu wote. Mimi macho inatoa machozi."

Ilitoka kile kiwanda cha Nairobi, imetiwa sahihi na bosi mwenyewe. Kwa Kiswahili chepesi ilisema hivi: mteja wao alitaka kikaushio cha trei ishirini. Wao, "katika kuokoa muda", walichukua bamba letu la trei kumi wakalikuza. Matokeo hayakuridhisha. Upande wa tanuri omena ilikuwa makaa, na upande wa pili majirani wa mteja wamelalamika harufu. Je, tungekubali kuwachorea?

Okoth alilala juu ya meza kwa kicheko. "Wamekuza! Wamekuza tu kama picha ya harusi!"

Mimi sikucheka. Nikaketi kwenye ile stuli ya zamani, nikalia mbele ya wanaume sita. Walidhani nimekasirika kwamba wametuibia. Walikuwa wamejaribu kutuibia, ni kweli. Lakini mwizi aliyekuwa na jedwali langu asingekuza bamba. Angeangalia tu mstari wa trei ishirini. Barua ile ilikuwa inaniambia kwamba hawakuwa nalo. Hawakuwahi kuwa nalo. Wambui alisoma mistari miwili.

Nikasubiri watu watoke. "Mzee, nina neno. Ile safari ya Nairobi..."

"Haikuwa tundu," akasema.

Nikainuka nikafunga mlango.

"Nyara, miaka yote hii, wewe umewahi kukosea tundu? Barua umepiga mara saba kwa sababu ya mkato. Halafu unakuja kuniambia umekosea tundu moja kwa mchoro umeshatuma." Akafunga kibati cha wembe. "Nikajua hapo hapo. Kitu kubwa imetoka."

"Na hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungeacha kazi hiyo siku. Nakujua. Nikasema, wacha aende, atarudi nayo ama atarudi bila. Ukarudi, ukaanza kutuma michoro safi kuliko zangu. Sasa ningeuliza nini?"

"Lakini kama wangepata kanuni?"

Akakuna kidevu. "Mimi niliwahi kusahau mchoro wa ndani, karatasi nzima, kwa hoteli ya chai huko Kibuye. Nilirudi nikaikuta imefunika sufuria ya maandazi. Hiyo ya sufuria sikuambia mtu." Akanitazama juu ya miwani. "Umeambiwa wewe wa kwanza."

Nilitucheka wote wawili, yeye na mimi, hadi mbavu zikauma. Usiku huo nililala kama mtoto aliyeoga.

Kesho yake nilimsimulia Mzee habari za Wambui, tukakubali kuwachorea bamba la trei ishirini, kwa sharti kwamba mchoro upokelewe na Wambui. Nikafungua faili tupu. Nikahamishia bamba, matundu, vipimo vya kukatia, kimoja kimoja. Nikaifungua kwenye kompyuta ya pili, nikawasha kila kitu, nikaitazama kama mwizi. Ilikuwa safi. Kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi, nikaongeza kitu kisichohitajika. Nikatengeneza tabaka moja jipya, nikaliita SIRI, nikaandika humo mistari miwili, nikalizima. Wa kwanza ulisema: Asante, dada Wambui. Wa pili ulisema: Mzee Ogutu anakusalimu.

Wiki iliyofuata stakabadhi ya kupokea ikarudi kwa basi, imepigwa muhuri. Chini ya muhuri, kwa kalamu, alikuwa ameandika: "Imefika. Safari hii nimesoma yote."